Mama wa Chumvi na Kibuyu Asichokunywa

Baba yangu alikuwa Bauma, mkulima Muhunde, aliyezaliwa Nyamitaba na kuzikwa Nyamitaba. Mama yangu alikuwa Machozi, wa upande wa Walikale, kule msitu unakoanza. Alipewa jina hilo kwa sababu siku ya kuzaliwa kwake kulikuwa na kilio nyumbani. Mimi nilizaliwa kwa baba. Vita vilipotufikia nilikwenda kuishi kwa wajomba zangu Walikale, na huko ndiko nilikozeekea. Sikuingia shule hata siku moja. Kiswahili changu nilikisikiliza kanisani na sokoni mpaka kikanikaa. Kwa hiyo, mjukuu wangu, wewe uliyesomeshwa usinisahihishe. Andika ninavyosema.

Ninataka kumweka hapa mwanamke asiyekuwa wa ukoo wetu. Jina lake sitalitaja. Liliitwa mahakamani Goma mara nyingi mno, na kila lilipoitwa mwenyewe aliambiwa arudi siku nyingine, hata akaniambia kwamba limechakaa kama nguo ya kazi. Mtaani tulimwita Mama wa Chumvi. Andika hivyo hivyo.

Alikuwa Mnande, mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, na alikuwa na duka lililojengwa kwa mbao kando ya barabara, mjini Walikale. Aliuza sabuni, viberiti na mafuta ya mawese, lakini watu walimfuata kwa chumvi. Aliipima kwa kopo, akalisawazisha kwa kiganja, na punje zilizobaki kiganjani alizirudisha guniani mbele ya macho yako bila haya. Hakukopesha mtu. Askari wa serikali hakukopeshwa, na waasi walioshika mji baada yake hawakukopeshwa. Mmoja wao aliweka bunduki juu ya meza yake siku moja nami nipo. Mama wa Chumvi aliitazama, kisha akamtazama yule kijana.

“Papa, bunduki haikoleze mboga ya sombe. Leta kitu ingine.”

Kijana alicheka akalipa. Wapo waliokuja baadaye ambao hawakucheka, walimpiga, wakachukua. Kesho yake alifungua duka akiwa amevimba jicho, na kopo lilikuwa lile lile.

Hata hivyo, nyumba yoyote iliyofiwa, iwe ya Mnyanga, Muhunde au Mnyarwanda, ilipata chumvi kutoka kwake bila kuomba. Alikuja nayo mwenyewe kichwani, akaiweka karibu na mafiga, akaketi na wanawake. Alisema kwamba kilio bila chumvi ni kupiga kelele tu. Nilipomwuliza kwa nini mkono wake hufunguka penye maiti na kufungwa penye walio hai, alinijibu kwamba wafu hawarudi kesho kuomba tena. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukitaka kumpenda alikuumiza, na ukitaka kumchukia alikuwa ameshafika kwako na chumvi.

Alikuwa Mkatoliki wa kweli, wa rozari na misa ya alfajiri. Desturi zetu hakuzipenda. Unajua kwamba mtu wetu akifa mahali ambapo mwili hauwezi kupatikana, tunakata shina la mgomba, tunalivisha nguo yake, tunamwita kwa jina, tunamwambia, “Umefika nyumbani,” kisha tunalizika. Bila hivyo atatangatanga, na walio nyuma yake hawatalala. Mama wa Chumvi aliliita jambo hilo kuzika chakula. Tulibishana juu yake miaka mingi, kabla hatujajua kwamba litatuhusu.

Sasa andika jambo lililotuhusu.

Wakati ule njia ya kwenda Goma ilikuwa imekufa. Mvua ilikuwa imeila, na waliobaki juu yake walikuwa watu wenye silaha. Ndege ndogo za mizigo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami nje ya mji. Ziliposikika, watu walikimbia kuondoa mbuzi na baiskeli. Zilileta bia, sabuni na chumvi, na zilirudi na magunia ya kasiteriti, yale mawe mazito ya bati yaliyobebwa migongoni kutoka machimbo ya Bisie. Juu ya magunia waliketi watu. Hapakuwa na kiti wala mkanda. Mtu alimlipa mpakizi, akapanda, akashika kamba.

Baba yako, mwanangu, alipanda hivyo. Alikuwa ametoka Bisie na mzigo wake, na wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Binti wa kwanza wa Mama wa Chumvi alipanda naye, akienda Goma kuleta bidhaa za duka. Ndege ile haikuvuka milima. Iliangukia msituni, na waliofika kwanza ni wale wenye bunduki. Walitoa magunia. Watu hawakuwatoa. Sisi tulipokwenda tulirudishwa njiani, na tuliporudi mara nyingine tulirudishwa kwa risasi.

Padri alitupatia wakili huko Goma, kijana mpole ambaye shati lake lilikuwa na kola iliyogeuzwa. Alitufundisha neno ambalo sikulijua, nawe ulijue. Anayekubeba angani kwa malipo, sheria inamtaka akushushe ukiwa mzima. Ukifa mikononi mwake, basi mke wako, watoto wako na wazazi wako wana haki ya kudai fidia, hata kama hukupewa tikiti. Lakini haki hiyo ina muda. Ukikawia kushtaki, mlango hufungwa, na hakuna anayekuja kukugongea akuambie kwamba unafungwa. Fidia hiyo, mjukuu wangu, ilikuwa yako.

Kampuni ilijibu nini? Ilisema kwamba ndege ile haikuchukua abiria. Wale walikuwa wasindikizaji wa mizigo, kila mmoja amekwenda kulinda gunia lake. Na magunia, tukaambiwa, yalikuwa na bima, na wenye mali walikuwa wamekwisha kuridhishwa.

Mama wa Chumvi alisikia hayo akiwa amesimama. Hakulia. Alisema, “Kumbe gunia ilipata mutetezi mbele ya mutoto yangu.”

Tangu siku ile alikuwa na tabia iliyowachekesha watu wa barabarani. Kila alipokwenda Goma kwa kesi, na ilimlazimu kupanda ndege kama zile zile kwa kuwa njia nyingine haikuwepo, alisimama kwanza juu ya lami, akaweka kikapu chini, akapaza sauti.

“Bantu ya hapa, muniangalie! Minapanda. Mimi niko abiria, siko muzigo. Muntu akiwauliza, museme muliniona.”

Wapakizi walimdhihaki. “Mama, tukupime na kilo?”

“Nipime. Lakini uandike kama iyi kilo inasema rozari.”

“Na ukianguka?”

“Nikianguka, weye njo shahidi yangu wa kwanza. Unaitwa nani?”

Hapo yule mpakizi alirudi kwenye magunia yake, kwa maana hakuna aliyetaka jina lake lijulikane. Lakini nilianza kuona jambo. Watu wengine waliokuwa wakipanda walitaja majina yao pia, kwanza kwa mzaha, kisha kwa sauti ya kweli, na wanawake wa sokoni waliobaki chini waliitikia, “Tumekuona.” Alikuwa ameanzisha hayo bila kukusudia, kwa ukaidi tu.

Nimefika penye ng'ombe. Keti vizuri.

Kwetu kuna ng'ombe wawili wa msiba, na asiyewajua ataharibu. Ng'ombe wa machozi huletwa na yeyote aliyehuzunika pamoja nawe. Mnamla, na hakuna jambo linalofungwa. Ng'ombe wa damu huletwa na aliyeua bila kukusudia. Huyo husimama mbele ya wazee, hutamka kosa lake kwa kinywa chake, kisha kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, huzunguka, naye hunywa pamoja na waliofiwa. Baada ya hapo hadaiwi tena, na atakayemdai amejitukana mwenyewe.

Sisi wa familia nyingine zilizofiwa na ndege ile tulikuwa tumekwisha kukata migomba na kuzika. Kesi ilikuwa bado changa na matanga yalikuwa hayajaondolewa. Kampuni ikamtuma kijana mmoja na ng'ombe mnene. Alikuwa na adabu, yule. Alivua kofia mbali, alipiga goti, alisalimia kwa mikono miwili, na alipopewa kibuyu alikipokea kama mtoto aliyelelewa. Mwenzake alipiga picha.

Mama wa Chumvi alikuwa amekuja na chumvi yake. Aliniita kando.

“Papa, muulize kwanza: iyi ngombe njo ya nini?”

“Mtu akija kilioni haulizwi amekuja kwa nini.”

“Muulize tu.”

“Ni aibu, Mama. Kwenu labda mnauliza. Kwetu anayepiga goti anapewa kiti.”

“Nyinyi Bahunde, mukiona kasiksi, hata shetani munamupatia kiti.”

“Na nyinyi Banande hata kwenye kilio munaleta mizani.”

Alicheka kidogo, kwa hasira. Kisha akachukua chumvi yake, akairudisha kichwani, akaondoka. Hakuonja nyama, na kibuyu kilipofika mahali alipokuwa ameketi kilikuta mkeka mtupu. Katika miaka yote niliyomjua, ni kilio kimoja tu alichokinyima chumvi, na ni hicho.

Usiandike kwamba nilikosea. Nilimpokea mgeni kama baba yangu alivyonifundisha. Aliyekuja na uongo chini ya goti lake, kosa ni lake.

Kesi ilipofika penyewe, wakili wa kampuni aliomba mzee anayejua desturi aitwe. Chifu alinituma mimi. Nilipanda ndege na Mama wa Chumvi, tumeketi juu ya magunia, magoti yake yakigusa yangu. Aliposimama barabarani kutangaza jina lake alinigeukia akasema, “Na weye sema yako, Papa, ao uko gunia?” Nilisema jina langu. Alishika rozari kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine.

Mahakama ilikuwa chumba cha joto chenye madirisha ya juu. Wakili wa kampuni aliniuliza kwa heshima nyingi.

“Mzee, kampuni ilileta ng'ombe?”

“Aliletwa, ndiyo.”

“Mlimla?”

“Tulimla.”

“Mjumbe wa kampuni alikunywa nanyi kibuyu kimoja?”

“Alikunywa.”

“Kwa desturi yenu, mtu aliyeleta ng'ombe akanywa na waliofiwa, bado anadaiwa?”

Nilisema hivi, na uandike yote: “Hapana, aliyeleta ng'ombe wa damu hadaiwi tena, lakini ni lazima kwanza atamke kosa lake mbele ya wazee, na huyu hakutamka kitu, huyu alileta ng'ombe wa machozi.”

Nilipofika kwenye “hadaiwi tena” yule wakili alikuwa amekwisha kusema, “Inatosha, asante Mzee.” Nilimalizia maneno yangu, lakini nilimalizia mbele ya watu waliokuwa wakifungua faili nyingine. Hakimu aliinamisha kichwa. Karani aliinua kalamu, hakuandika zaidi. Kijana wetu mwenye kola iliyogeuzwa alisimama akapinga, akaambiwa aketi. Picha ya kibuyu ilipita mikononi mwao. Familia zote zilizokunywa zilihesabiwa kuwa zimeridhiana na kampuni kwa desturi yao wenyewe, na kesi yetu ikaishia hapo. Kesi yako iliishia hapo.

Nje, Mama wa Chumvi alinipatia ndizi ya kuchoma, akanitazama nikila.

“Ulisema kweli,” akasema.

“Nilisema kweli.”

“Njo maana walikuita. Mwongo angetusaidia, Papa Shahidi.”

Tangu hapo aliniita Papa Shahidi mpaka mwisho, mbele ya watu na peke yetu, na sikumkataza.

Yeye hakuwa amekunywa, kwa hiyo kesi yake peke yake ilibaki hai. Tulidhani ataingia kwa mlango huo na sisi tutamfuata nyuma. Hakimu alimwambia alete hati ya kifo cha binti yake. Hati hutolewa na chifu, na chifu hutoa akionyeshwa kaburi. Sisi tuliozika migomba tulikuwa na makaburi na hati, lakini tulikuwa tumekunywa. Yeye hakunywa, na hakuwa na kaburi. Fikiri juu ya hilo, wewe uliyesoma, uniambie kama shuleni kuna hesabu inayolifungua.

Wakili wetu alimsihi. “Mama, zika tu ule mgomba. Chifu aone, atoe hati.”

“Nizike ndizi juu ya kupata karatasi?”

“Ni kwa haki yako, Mama.”

“Ndizi haikupanda ndege. Mutoto yangu njo alipanda. Walete mutoto.”

Nami nilimwambia. Nilikwenda dukani kwake na panga langu, nikamwambia kwamba nitakata shina mwenyewe na kumwita binti kwa utaratibu wote. Alilisawazisha kopo la mteja aliyekuwa mbele yangu, akarudisha punje zake guniani, akaniuliza kama ninataka chumvi au la. Nilirudi na panga langu.

Niliamini ni dini iliyomzuia. Baadaye nilidhani ni kiburi. Siku hizi ninaona kwamba alijua tu kazi ya mgomba. Mgomba hufunga. Hakutaka mtoto wake atumiwe kufungua sanduku la hakimu kwa kitu ambacho kazi yake ni kufunga.

Aliendelea kwenda Goma. Hakimu alihamishwa, akaja mwingine aliyeanza kusoma faili upya. Vita vilifunga mahakama, ikafunguliwa tena. Kijana wa kola alikimbilia ng'ambo ya mpaka, na faili ikabaki kwa mtu asiyetujua. Siku moja Mama wa Chumvi aliambiwa kwamba kampuni ile haipo. Ndege zake zilikuwa zinatua bado juu ya barabara yetu. Tulizifahamu kwa sauti na kwa kovu la bawa moja. Zilikuwa zimepakwa rangi nyingine na jina lingine, na jina hilo halikuwahi kuangusha mtu.

“Chumvi ikiingia maji unaweza kuionja,” aliniambia, “lakini huwezi kuikamata.”

Muda ulipita. Duka liliibwa, likachomwa. Sisi tulikimbia kwa njia zetu, yeye kwa yake.

Nilimwona tena kule Mushaki, vilimani. Nilikuwa nakwenda Nyamitaba kutazama kaburi la baba yangu, na lori letu lilisimama kwa sababu mbele kulikuwa na mapigano au uvumi wa mapigano. Kando ya barabara, kati ya wanawake wanaouza viazi na jibini, alikuwa ameketi na kifurushi cha chumvi kisichojaa hata bakuli. Alikuwa amekonda. Kopo lilikuwa lile lile. Akapima, akasawazisha kwa kiganja, na punje zilizobaki alimwachia mteja. Nilipoona hivyo nilijua kwamba amechoka kudai.

“Papa Shahidi.”

“Mama.”

“Uko na panga?”

Nilikuwa nalo.

“Unikatie mugomba.”

Sikumwuliza kuhusu kesi. Hakunieleza. Mushaki ni juu, kuna baridi, na migomba yake ni myembamba; niliomba kwa mtu bondeni, akanipa mmoja uliokwisha kuzaa. Mama wa Chumvi alitoa kitenge cha binti yake kutoka chini ya nguo zake mwenyewe, akalivisha shina. Ardhi hatukuwa nayo. Mwenye malisho mmoja alikubali tuzike pembeni mwa ua wake, kwa sharti kwamba tusiinue tuta, ng'ombe wake wasijikwae. Nikachimba. Watu wachache walisimama.

Nilimwita binti kwa jina, kama inavyotakiwa. Ilibaki mama aseme maneno yale, “Umefika nyumbani.” Alinyoosha kitenge juu ya shina, akakinyoosha tena. Nikadhani amesahau, nikamkumbusha kwa sauti ya chini. Alitikisa kichwa. Mahali pale hapakuwa nyumbani kwa mtu yeyote.

Akaweka kiganja juu ya shina.

“Haukukuwa muzigo,” akasema.

Kisha tukalifunika, tukalisawazisha na ardhi. Ng'ombe walirudi pale hata kabla hatujaosha mikono.

Alasiri ile lilipita lori la viazi linaloteremka kwenda Sake. Alisema angetafuta njia ya kurudi Butembo kwa ndugu zake, kama njia ipo. Alikunja mkeka wake. Nilisimama nikingoja aweke kikapu chini na kupaza sauti kama zamani. Hakupaza. Alipewa mkono, akapanda juu ya magunia, akageukia upande mwingine, kama kitu kilichopakiwa.

Basi nilisema mimi. Nilisimama katikati ya barabara nikataja jina lake, lote, na la baba yake, nikawaambia wauza jibini na dereva na askari waliokuwepo: “Mumuone. Anapanda. Huyu ni abiria.” Walinitazama kama mzee aliyeharibika. Mwanamke mmoja tu aliitikia, “Tumemuona.” Lori likaondoka. Mama wa Chumvi hakugeuka. Kama alifika, sijui. Nimeuliza kila Mnande niliyekutana naye.

Sasa sikia utakayoyatunza. Hati ya kifo cha baba yako iko katika mkoba wangu. Itunze, ingawa haitafungua mlango wowote. Mtu akikuletea mnyama msibani, mwulize ni wa nini kabla hujampa kiti. Hilo sikufundishwa na baba yangu, nawe fundishwa na mimi. Ukipanda chochote, ndege, lori au mtumbwi, taja jina lako kwa wanaobaki, na ukibaki wewe, itikia. Penye kilio peleka chumvi. Jina lake nitakunong'oneza baadaye, nawe usilitaje mahali popote panapoitwa majina.

Acha kalamu kwanza. Nisomee pale niliposimama mbele ya hakimu. Ninataka kusikia kama umeandika jibu lote.